Bi Upawa Anajibu: Mahamri ya Malmö, Sima ya Minneapolis

Haya jamani, barua za mwezi huu karibu zote zatoka kwa watoto wetu walioko nje, na nusu yazo zaanza vilevile, "Bi Upawa nimeingia supamaketi nikatafuta rafu ya vyakula vya Afrika sikuona kitu". Kwani nani aliwaambia chakula cha Mombasa chakaa kwenye rafu ya Afrika? Chakula chetu ni nazi, iliki, mbaazi, ukwaju, muhogo, na wapishi wa vitu hivyo wametapakaa dunia nzima, so usihangaike kumtafuta Mmombasa mwenzio, mtafute anayepikia nazi, yeyote yule, umuulize ananunua wapi. Mie nimekaa nje miaka yangu na hiyo ndo njia iliyonilisha. Barua zilizokuwa ndefu nimezikata, mnisamehe.

*Shikamoo Bi Upawa. Niko Malmö, Uswidi, nafanya kazi ya kutunza wazee. Mahamri yangu hayaumuki kabisa, nakanda usiku mpaka asubuhi yako vilevile na hamira ni mpya. Halafu juzi nimepita mbele ya duka la mikate nikasikia harufu ya iliki ile ile ya nyumbani, nikasimama barabarani watu wananishangaa, kumbe ni maandazi yao yamesokotwa kama kilemba. Hawa watu wana uhusiano gani na iliki? – Mtoto wa Kuze*

Marahaba mwanangu. Waswidi na iliki ni marafiki wa siku nyingi, wanaitia kwenye hayo maandazi, kwenye keki, na kuna andazi lao la kabla ya Kwaresima linaitwa semla nalo unga wake una iliki pia. Wala usidhani imetoka kwetu, iliki nyingi inayouzwa duniani siku hizi yalimwa Guatemala, pengine hiyo iliyokusimamisha barabarani haijawahi kulikaribia soko la Marikiti. Kizuri ni kwamba huko wanauza punje tupu zilizokwisha menywa, hiyo kazi ya kumenya tunayoijua sisi hawana. Nunua punje utwange mwenyewe siku ile ile unayokanda, ya kusagwa mpaka unga achana nayo, harufu yake haikai.

Sasa kuumuka. Hamira yako haina neno, tatizo ni baridi. Jikoni kwa mamako Kuze mchana ni digrii 30 na unga unafura kabla hujamaliza kuosha sinia, huko kwako ndani ya nyumba ni digrii 20 na bakuli umeliweka karibu na dirisha, sindio? Washa taa ya ovena, moto usiwashe, taa tu, weka bakuli ndani na kikombe cha maji ya moto kando yake, funga mlango uendelee na mambo yako. Tui nalo lipashe liwe vuguvugu, ukitia kidole usikie joto kidogo basi, likiwa la kuunguza hamira imekufa na hapo hata taa haikusaidii. Na kuna jambo jingine wengi huko hawalijui. Hamira mbichi Uswidi yauzwa vipande vya gramu 50 na iko ya kawaida na iko iliyoandikwa "för söta degar", chukua hiyo ya pili, ndo ya unga wenye sukari, kwa sababu sukari ikizidi inainyang'anya hamira maji na ile ya kawaida inalegea, na mahamri bila sukari ni nini tena. Kipande kimoja chatosha kilo ya unga.

Ukifika kukaanga, jiko la umeme mafuta yanapoa haraka ukijaza karai, basi tia manne manne, na dirisha ufungue kabla hujaanza maana king'ora cha moshi cha huko hakijui mahamri, kitaita jengo zima. Ukitaka maziwa lala ya kushushia nunua filmjölk, iko kila duka na haina haja ya kusifiwa zaidi ya hapo.

*Asalaam aleikum Bi Upawa. Mie mwanafunzi London, nakaa Brixton. Mbaazi kavu sizioni, na maharagwe nikiyachemsha hata masaa matatu bado yanauma meno. Juzi jirani yangu mama wa Kijamaika kanipa sahani ya wali Jumapili, nimeonja nikaona mbona huu ni wali wa nazi wa kwetu? – Msomaji wa Makadara*

Waaleikum salaam. Wewe waishi juu ya mbaazi na unaniandikia mie Mombasa! Shuka hapo soko la Brixton uulize "gungo peas", ndo mbaazi zenyewe, Wajamaika wanazipikia huo wali wa nazi uliokula na wakati wa Krismasi ndo usiseme. Huyo mama jirani ndo duka lako, mwalimu wako na hospitali yako, na ile sahani yake natumai hukuirudisha tupu, sahani ya jirani hairudi tupu hata London, tia hata vitumbua viwili.

Kutoiva nako kuna sababu. Maji ya London ni magumu, yana chokaa nyingi, tazama ndani ya birika lako utaona ule utando mweupe chini, basi chokaa hiyo hiyo ndo inafanya maganda ya mbaazi na maharagwe yagome kulainika. Roweka usiku kucha, maji ya kurowekea uyamwage, ukichemsha tia magadi soda robo ya kijiko cha chai isizidi, ukizidisha zitakuwa na ladha ya sabuni. Chemsha kwa maji yaliyochujwa kama unayo. Na nyanya, ndimu, ukwaju, vyote vikali hivyo, visikaribie sufuria mpaka mbaazi ziwe zimeiva, ukivitia mapema zinakazana tena.

Tui la kopo soma maandishi ya nyuma, lenye nazi nyingi ndo lako, lile la watu wa dayati waachie wenyewe, umelipia maji. Liweke wima bila kulitikisa, ukilifungua tui zito liko juu na jepesi liko chini, jepesi lichemke na mbaazi, zito liingie mwisho moto ukiwa mdogo. Kama halikujitenga ujue limetiwa kitu cha kulishikanisha, lapikika lakini usilitarajie kukupa yale mafuta ya juu. Ukitaka raha kamili panda basi uende Tooting kwa Watamil wa Sri Lanka, wana nazi iliyokunwa imegandishwa kwenye paketi, unaiyeyusha unakamua na maji vuguvugu unachuja, na mbuzi ya kukunia huna haja nayo.

*Bi Upawa mie niko Hamburg. Meneja wangu kanialika kwake chakula cha usiku saa kumi na mbili jioni, nimeshinda na njaa makusudi. Nafika mezani naona mkate, jibini, soseji ambazo mie sili, na matango ya siki. Hakuna cha moto hata chai. Nimedharauliwa au vipi? – Abu J., zamani wa Majengo*

Hapana babangu. Wajerumani wengi chakula cha moto wanakula mchana, jioni ni mkate na vitu vya kupaka na kukatakata, wanaita Abendbrot, na alivyokuweka kwenye meza hiyo amekufanya mtu wa nyumbani, mgeni wa heshima angepelekwa hoteli. La soseji ungemwambia mapema, huko watu hawaoni vibaya kuambiwa, wanaona vibaya kuona chakula kimeachwa na hawajui kwanini.

Sasa mwalike na wewe umpikie samaki wa kupaka. Jumapili asubuhi nenda Fischmarkt kule Altona, hilo soko lipo tangu mwaka 1703, kiangazi linafunguliwa saa kumi na moja alfajiri na saa tatu na nusu wanafunga, ukilala umekosa. Chukua Makrele wazima, ndo vibua vya huko, wana mafuta wanachomeka vizuri na tui linakaa. Ukiwa hapo hapo jionjee Fischbrötchen, ni mkate wa duara na samaki wa siki na kitunguu kibichi, mara ya kwanza utakunja uso lakini mtu aliyelelewa na kachumbari atazoea tu. Na ukisema saa kumi na mbili iwe kumi na mbili, usimfanyie ile ya kwetu, atasimama nje ya mlango anatazama saa.

*Bi Upawa, mwezi ujao naenda Rotterdam kwa dadangu na kanitumia orodha: ng'onda, nazi, maembe ngowe, kisamvu kibichi, samli, achari, pilau masala. Halafu jirani naye kanipa kifurushi nimpelekee kijana wake, kasema majani ya chai, nimenusa sikusikia chai. Nibebe nini niache nini? – Mama Z., Likoni*

Tuanze na hicho kifurushi, kirudishe leo hii. Kama ni miraa au muguka, Uholanzi waliipiga marufuku mwaka 2013 na Uingereza wakafuata 2014, huko ni dawa za kulevya haswa na wewe ndo utakayekamatwa nayo, jirani yuko Likoni ananywa uji. Mzigo usioufunga kwa mkono wako usipande nao ndege, hata uwe wa nani.

Samli acha, na chochote cha maziwa au nyama, hata nyama iliyokaushwa, abiria anayetoka huku haruhusiwi kuingia navyo Ulaya. Maembe yanataka cheti cha afya ya mimea, kwetu kinatolewa na KEPHIS, shirika la serikali la ukaguzi wa mimea, na kwa maembe sita ya dadako huo usumbufu hauna maana, na kisamvu kibichi ni hivyo hivyo. Matunda yanayopita bila cheti ni matano tu, nanasi, nazi, ndizi, tende na durian. Umeona? Nazi imo! Zifue kabisa makumbi uzipange katikati ya nguo. Pilau masala haina shida ikiwa kavu na imefungwa vizuri, na achari iende kwenye begi kubwa, ile ya mkononi watakunyang'anya kwa sababu chupa inayozidi mililita 100 haipiti.

Ng'onda sasa. Sheria yao inakuruhusu samaki mpaka kilo 20, lakini sheria hiyo haikuwauliza watu mtakaopanda nao ndege. Funga plastiki juu ya plastiki, kisha debe lenye kifuniko, kisha plastiki tena, na mwambie dadako siku ya kumpika afunge mlango wa chumba cha kulala, makoti yote yawe ndani. Kisamvu na muhogo mwambie aende toko, maduka ya Wasurinamu na Waindonesia, Rotterdam yamejaa, muhogo upo wa kila aina.

*Habari Bi Upawa. Mimi natoka Bukavu, nafundisha Kifaransa hapa Mombasa, naishi Bamburi. Kila kitu huku ni nazi, hata maharagi! Sombe nitapata wapi, na ni nini nisikose kula? – Mwalimu*

Karibu sana mwalimu, ila hilo la nazi usilirudie mbele za watu. Majani ya muhogo ya hiyo sombe yako nenda soko la Kongowea asubuhi na mapema, chukua machanga, utwange mwenyewe kwenye kinu na uyachemshe muda mrefu bila kufunika kama mnavyofanya kwenu, hayo mabichi yana sumu na wapishi wa haraka haraka wanasahau. Jioni panda matatu uende Lighthouse, Mama Ngina Drive, ule mihogo ya kukaanga iliyopakwa pilipili na ndimu ukitazama meli zinaingia, viazi karai kwa ukwaju popote unapoviona, na asubuhi mbaazi kwa mahamri. Zina nazi, ndio.

*Bi Upawa, tuko Minneapolis. Nimesonga sima imefura ikatoka matundu matundu, watoto wamecheka mpaka basi. Unga wa mahindi mweupe nimenunua supamaketi. Nimekosea wapi? – Mama Watatu*

Paketi iangalie tena, nakuhakikishia imeandikwa "self-rising". Huo umetiwa hamira ya unga tayari, na mara nyingi unga wa ngano pia, Wamarekani wanapikia mikate, basi umesonga keki. Kuna na masa harina, hiyo mahindi yake yamechemshwa na chokaa, ni ya tortilla na harufu yake huiondoi kwa mchuzi wowote. P.A.N. ya Wavenezuela imeshapikwa kiwandani, inasongeka lakini inanata mikononi, ya dharura hiyo. We nenda Karmel Mall kwa Wasomali, wanapika soor, ndo sima yao, na unga wake uko pale, na ukiuliza muufo utakula mkate wa mofa. Mboga subiri kiangazi uende St. Paul, Hmongtown Marketplace, Wahmong, watu wa asili ya Asia, wanauza majani ya maboga mafungu kwa mafungu, nunua mengi, yachemshe kidogo, uyakamue uyagandishe kwenye friza, maana ikianza theluji hutayaona mpaka mwakani.

Na huo unga wa kufura usiutupe, tia yai na maziwa uoke ovenini, watoto watakula na chai.