UDSM ilianzia wapi?

Umeuliza kama Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzia Mlimani, kilipo sasa. Hapana ndugu yangu. Kilianza Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru, ndani ya jengo la chama cha TANU Mtaa wa Lumumba, kikiwa tawi la Chuo Kikuu cha London. Kitivo kimoja tu, Sheria, na wanafunzi wasiofika 15! Mlimani walihamia 1964. Kikawa chuo kikuu kamili Julai 1970. Museveni amesoma pale, mwanahistoria Walter Rodney kafundisha pale. Ila kwangu mimi kubwa kuliko yote ni kazi ya TUKI, yaani Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya chuo hicho: ile Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya 1981 tunayoifungua kumaliza mabishano ya maneno mpaka leo imetoka hapohapo.