Chumvi na siki havifungi rangi

SWALI: Mimi ni Mtanzania, nimeolewa Hungaria. Mama mkwe amenipa foronya ya bibi yake wa Mezőkövesd. Kitambaa chake ni kizito, kimefumwa kwa mkono, na upande mmoja tu umetariziwa mawaridi mekundu, ya manjano na ya bluu. Imepiga manjano na ina doa la kutu. Niligusa ua jekundu kwa pamba yenye maji, pamba ikatoka na wekundu. Mama yangu anasema niiloweke kwenye chumvi na siki rangi ifunge, kisha niifue kwa jiki kidogo. Niweke kiasi gani?

JIBU: Dada, usiweke hata kijiko. Pamba yako imeshajibu: rangi ile inatembea, na foronya hiyo haifuliwi.

Swali hili linanifikia kila mara, nguo tu ndiyo hubadilika. Leo foronya, juzi kofia ya viua, kabla yake kanga ya harusi ya marehemu nyanya. Dawa wanayopewa ni ileile, na najua imetoka wapi. Kanga mpya ina rangi ya ziada ambayo haikushika kwenye uzi. Ukiiloweka mara ya kwanza, ziada hiyo inatoka. Mara ya pili maji yana rangi kidogo, na sifa zote wanapewa chumvi na siki. Ungetumia maji matupu ungepata matokeo hayohayo. Mtia rangi hutumia chumvi kusukuma rangi iingie kwenye pamba, na siki hutumika pamoja na moto kwenye sufu na hariri. Hizo ni kazi za wakati wa kutia rangi. Nguo ikishakauka na kukaa miaka themanini, chumvi huweza kuizuia rangi kidogo ikiwa bado majini, lakini ukisuuza tu chumvi inaondoka na rangi inaendelea kutoka. Siki nayo ni asidi, na kitambaa chako kimepiga manjano kwa sababu nyuzi zake, kwa uzee, zimeshajitengenezea asidi zenyewe.

Majirani zako huko watakuletea hoja nyingine: mbona bibi zetu walifua kwa majivu? Ni kweli. Kazi hiyo huitwa szapulás. Kitambaa kilipangwa kwenye pipa, majivu yakawekwa juu, maji ya moto yakamiminwa tena na tena, kisha kikapigwa mtoni na kuanikwa juani. Lakini kilichovumilia hayo kilikuwa kitambaa kitupu cha kender, yaani mmea wa bangi uliolimwa kwa ajili ya nyuzi, tena kikiwa kipya na chenye nguvu. Mawaridi ya Wamatyó, yaani watu wa Mezőkövesd na vijiji jirani, yalikuja kutariziwa kwa sufu na hariri. Jiki huyeyusha sufu na hariri. Sizungumzii kufifia, uzi wenyewe unakwisha. Na penye kutu, jiki hula kitambaa haraka zaidi. Ulipokuwa na doa unabaki na tundu.

Hata huo upande mmoja una maana. Mito aliyokuja nayo bibi harusi kutoka kwao ilipangwa kitandani katika chumba cha wageni hadi karibu na dari, wala haikulaliwa. Kilichoonekana ni ncha tu, ndiyo maana ikatariziwa ncha. Kagua kwa mwanga wa pembeni uone kama pana mistari hafifu chini ya uzi: mwanamke mchoraji, íróasszony, alichora maua kwanza, mwingine akatarizi. Mistari hiyo ikifutika hairudi.

Tarizi za Wamatyó zimo kwenye orodha ya UNESCO tangu 2012, lakini orodha haimzuii muuza nguo za kale anayezichovya kwenye unga wa kung'arishia ili ziuzike nyeupe. Zikifika mikononi mwangu huwa zinakatika kwenye mikunjo kama karatasi. Anayekuahidi weupe kwa usiku mmoja, mwulize kwanza ni uzi gani na rangi gani. Akishindwa kujibu, chukua nguo yako uondoke.

Wewe fanya hivi: tandaza chandarua juu ya foronya, uvute vumbi kwa mashine ikiwa kwenye nguvu ndogo. Usiikunje, izungushe kwenye bomba pana lililovikwa karatasi isiyo na asidi, maua yakitazama nje, uiweke gizani pakavu. Doa la kutu liache. Ukitaka lishughulikiwe, waulize Néprajzi Múzeum, Budapest, wakuelekeze kwa mhifadhi wa nguo.

Na ikiwa imeshaingia majini kabla hujasoma jibu hili, usiikamue wala kuianika kwenye kamba. Ilaze kati ya taulo nyeupe, kandamiza, badilisha taulo kila zinapochukua rangi, halafu elekeza feni ya hewa baridi mpaka ikauke. Usiiache peke yake saa hizo.