Mwanao Akienda Salamanca: Neno kwa Wazazi Waliohamia Ujerumani Karibuni

Kama mwanao yuko Gymnasium, yaani sekondari inayoandaa kwa chuo kikuu, hapa Bavaria na Kihispania ndiyo lugha yake ya tatu ya kigeni, ataianza darasa la nane, na haupiti muda mrefu kabla hajakuletea karatasi ya kubadilishana wanafunzi na shule ya Hispania, kwetu ni ya mji wa Salamanca. Isome mpaka chini kabla ya kutia sahihi. Wazazi wengi wapya huangalia nauli na tarehe ya kuondoka, basi. Baadaye ndipo wanapogundua wamekubali mambo mawili kwa mpigo: mtoto wao alale wiki nzima kwa watu wasiowajua, na mtoto wa watu hao aje kulala kwao wiki nyingine.

Mimi naishi Würzburg. Mji huu una undugu rasmi na Salamanca tangu 1980, na tangu 1966 una undugu na Mwanza, ambako ndiko kwetu. Nimepokea watoto wa Kihispania nyumbani, nimesindikiza wangu stesheni, na nimekaa kwenye vikao vya wazazi vya kutosha kujua maswali gani hurudi kila mwaka. Shule yako inaweza kuwa na utaratibu tofauti kidogo, lakini mengi yatafanana.

Anza na hati, tena siku ile ile karatasi inapofika. Mtoto mwenye uraia wa Kijerumani anasafiri kwa kitambulisho chake au pasipoti. Zile pasipoti maalumu za watoto hazitolewi tena tangu Januari 2024, kwa hiyo usiende ofisini kuulizia. Mtoto mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya au Kongo anahitaji vitu viwili vilivyo hai kwa pamoja: pasipoti na kadi ya kibali cha kuishi. Akiwa navyo haombi viza ya Hispania, maana nchi zote mbili ziko Schengen, eneo la nchi za Ulaya zenye utaratibu mmoja wa viza. Tatizo letu ni kwamba kimoja huwa kimekaribia kuisha, na pasipoti inayopitia ubalozini Berlin hairudi ndani ya wiki mbili.

Kuna njia ambayo hata walimu wengine hawaikumbuki. Mwaka 1994 nchi za Umoja wa Ulaya zilikubaliana kwamba wanafunzi wasio raia wa Ulaya wanaweza kusafiri na kundi la shule kwa orodha ya majina. Shule inaijaza na ofisi ya wageni, ile Ausländerbehörde tunayoipangia foleni wote, inaithibitisha. Orodha ikiwa na picha ya mtoto iliyogongwa muhuri inaweza hata kusimama badala ya pasipoti yake. Kwa Kijerumani inaitwa Schülersammelliste. Litaje jina hilo kwa mwalimu miezi kadhaa kabla ya safari. Usiogope kuonekana msumbufu. Mwalimu aliyeambiwa Novemba ana muda wa kushughulika, ila akiambiwa wiki ya safari hana la kufanya.

Halafu jina la kwenye tiketi. Watoto wetu wana majina matatu, shuleni wanaitwa moja, na mwalimu anakata tiketi kutoka kwenye orodha ya darasa. Mpelekee nakala ya ukurasa wa pasipoti aandike kama ulivyo, herufi kwa herufi. Wahispania watakuelewa vizuri hapo, kwa kuwa nao kila mtu ana majina mawili ya ukoo, la baba na la mama.

Bima ni rahisi. Geuza kadi ya mtoto ya bima ya afya: kama ni ya bima ya umma, nyuma yake huwa ndiyo kadi ya Ulaya, inayokubalika katika vituo vya afya vya umma Hispania. Namba ya dharura ni 112 huko kama hapa.

Tuje kwenye fomu ya kumtambulisha mtoto, ambayo naiona muhimu kuliko kikao chote cha wazazi. Walimu wa pande mbili hukaa na fomu hizo wakiwaunganisha watoto wawiliwawili. Sasa kila mtoto akiandika kwamba anapenda muziki na kukutana na marafiki, mwalimu atawaunganisha kwa kubahatisha tu. Mwambie wako aandike muziki gani, anacheza namba ngapi uwanjani, kama anaogopa mbwa, kama analala mapema. Na aweke picha. Familia ya Salamanca ikisikia Mjerumani anakuja huwa imeshamchora mtu wake kichwani, na ni afadhali mshangao umalizikie kwenye barua kuliko kituo cha basi. Aandike pia kwamba nyumbani mnasema Kiswahili. Kuna wazazi wanaolificha hilo wakidhani litawapunguzia watoto nafasi. Mimi sijaona likimpunguzia mtu kitu.

Swali la "unatoka wapi hasa" ataulizwa, na mara nyingi anayeuliza ni bibi wa nyumba, kwa nia njema kabisa, huku anaongeza chakula kwenye sahani. Jibu ambalo mwanao amelizoea kwa Kijerumani halitamsaidia pale mezani. Ongeeni kabla ya safari atasema nini kwa Kihispania. Wa kwangu aliamua kusema "soy de Würzburg", natoka Würzburg, na kuongeza Tanzania kama muulizaji amempendeza. Kejeli ni jambo jingine. Hiyo aifikishe kwa mwalimu siku hiyo hiyo, asikae nayo mpaka arudi nyumbani.

Kwa familia za Kiislamu, kuandika "hali nguruwe" hakutoshi. Huko vipande vya jamón, paja la nguruwe lililokaushwa, huingia hata kwenye sahani za mboga, na dengu za nyumbani hupikwa na chorizo, soseji ya nguruwe. Andika kwamba haili kabisa, hata kidogo ndani ya mchuzi, na umfundishe kuuliza mwenyewe. Tena miaka hii Ramadhani imekuwa ikiangukia Februari na Machi, na safari nyingi hupangwa kabla ya Pasaka. Amueni mapema kama mtoto atafunga au atalipa siku zake baadaye, na familia ya huko iambiwe, isije ikaona sahani inarudi imejaa ikadhani mgeni hapendi chakula chao.

Sasa zamu yako ya kupokea. Wapo wanaokataa kwa sababu nyumba ni ndogo. Shule kwa kawaida inataka mgeni awe na kitanda au godoro lake, haidai awe na chumba chake. Watoto wawili wa miaka 15 kwenye chumba kimoja wanaongea mpaka usiku wa manane, na kwa lugha hiyo ni faida kuliko vipindi vya darasani. Nyumba kubwa yenye chumba cha wageni ghorofani ndiyo inayonitia wasiwasi. Mtoto anajifungia huko na simu yake, hamumwoni.

Wasiwasi wangu mwingine ni ukarimu wetu. Tunasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu anakaa wiki moja tu, mpe siku ya kwanza. Amenye vitunguu, atoe taka, aende na mwanao kurudisha chupa dukani. Nimeona mama zangu wa hapa wakimkalisha mtoto wa watu kwenye kochi, kila saa soda na sambusa, mwenyeji wake yuko jikoni anaosha vyombo. Siku ya nne mgeni amechoka kwa kutumikiwa na hajasema sentensi kumi. Mtoto aliyeshika kisu na kitunguu lazima aulize kitu, na akiuliza amesema Kijerumani.

Usimpikie vya Kijerumani kwa kuwa tu yuko Ujerumani. Pika unachopika. Sangara wa ziwa letu anauzwa hapa kwa jina la Viktoriabarsch, na ukiwaonyesha watoto kwenye ramani alikovuliwa umeshapata mazungumzo ya jioni nzima. Na hapa tuna bahati ambayo majirani zetu hawana. Malalamiko makubwa ya Wahispania wakiwa Ujerumani ni chakula cha jioni: saa kumi na mbili au saa moja, mkate, jibini, basi. Wao wamezoea chakula cha mchana cha moto saa nane au saa tisa na cha usiku saa tatu au saa nne. Nyumba inayopakua ugali na mchuzi saa mbili usiku inakuwa katikati ya dunia hizo mbili.

Yale yanayowachanganya wageni ni madogo, na sisi tunayajua kwa kuwa yalituchanganya pia: pipa la njano la vifungashio, la buluu la karatasi; senti 25 zinazorudi kwa chupa ya plastiki au kopo; Jumapili maduka yamefungwa; kelele zipungue kuanzia saa nne usiku. Dakika kumi za kumwonyesha zinatosha. Pombe usiiache iongelewe na watoto wenyewe. Ujerumani sheria inamruhusu mwenye miaka 16 kununua bia na mvinyo, Hispania ni mpaka 18, na huku Franken, sehemu yetu ya Bavaria, ni nchi ya mizabibu. Shule nyingi hukataza kabisa wakati wa safari, na neno la shule ndilo la kushika, hata jirani akikuambia glasi moja haina neno.

Kwa mtoto anayekwenda: fungasha koti. Watoto husikia Hispania wakaona ufukwe, kumbe Salamanca iko kwenye nyanda za juu, mita 800 hivi, na usiku wa Machi kule ni baridi kweli. Kutoka Madrid ni basi la zaidi ya kilomita 200. Chakula cha usiku kikichelewa asinune. Kuna kitafunwa cha jioni, merienda, akile. Matembezi yamepangwa na shule, hayahitaji maneno yangu: watatafuta chura aliyechongwa kwenye ukuta wa chuo kikuu kilichoanzishwa 1218, kama wageni wetu wanavyopelekwa Residenz, jumba la kifahari la zamani la maaskofu wa Würzburg, kukaza shingo wakitazama michoro ya dari. Akiweza, abaki Plaza Mayor, uwanja mkuu wa mji, jioni na vijana wenzake badala ya kurudi mapema kuchati na wa huku.

Darasani atakuta walimu wanaitwa kwa jina la kwanza. Asilihamishie hilo Würzburg akirudi. Alama nazo zimegeuka: huko 10 ndiyo ya juu, hapa 1 ndiyo ya juu. Mgeni wetu mmoja aliona 2 kwenye daftari la mwanangu akampa pole.

Kuhusu lugha nina msimamo, na walimu wengine hawakubaliani nami. Watoto wote wawili wanajua Kiingereza kuliko wanavyojua lugha ya mwenzake. Hispania Kiingereza huanza kwanza, Kijerumani hufuata kwa wachache. Ukiwaacha, wiki nzima itakwenda kwa Kiingereza. Mimi nawaachia jioni ya kwanza, kwa kuwa mgeni amechoka na anataka kujua choo kiko wapi. Kuanzia asubuhi, nyumbani kwangu ni Kijerumani, na kule Salamanca wangu anaambiwa aseme Kihispania hata kibovu. Kiswahili tunakiongea kama kawaida, isipokuwa kumjadili mgeni. Anajua. Watoto husoma uso.

Ikitokea wawili hawapatani, na hutokea, usisubiri kwa heshima. Mwalimu akijua siku ya pili anaweza kuwaunganisha na wawili wengine kwa matembezi ya mchana, au hata kuhamisha mtoto. Akijua siku ya sita atakupa pole tu. Kutofautisha uzito wa kweli na hamu ya nyumbani ya usiku wa kwanza ni kazi yako: usiku wa kwanza usimpigie mtoto simu zaidi ya mara moja, hata akilia. Kesho yake saa tisa, ameshiba na ametoka shule, ndipo umwulize vizuri.

Zawadi iwe ndogo. Kahawa ya Kagera, kanga, chokoleti ya hapa. Mwambie mwanao kwamba watamfungulia mbele yake na kushangilia, na yeye akipewa afanye hivyo hivyo. Akiipokea kwa mikono miwili na kuiweka pembeni, kama tulivyomlea, watadhani haikumpendeza.

Mwisho fedha, ambazo ndizo huwafanya wengine wairudishe karatasi bila sahihi. Malazi na chakula hakuna anayemlipa mwenzake, kwa kuwa mnapokezana. Kinachobaki ni nauli, matembezi na fedha ya mfukoni. Kama shule imo kwenye Erasmus+, mpango wa Umoja wa Ulaya wa kugharimia safari za masomo, sehemu kubwa ya nauli inaweza kutoka huko. Uliza, maana si kila mara huandikwa kwenye karatasi. Familia inayosaidiwa na Jobcenter (ofisi ya ajira na misaada), au inayopokea Wohngeld (msaada wa kodi ya nyumba) au Kinderzuschlag (nyongeza ya watoto kwa wenye kipato kidogo), inaweza kuomba gharama za safari ya shule ya siku nyingi zilipwe, na shule nyingi zina chama cha wazazi chenye mfuko wa kimya kimya kwa wanaobaki nje ya hayo. Barua ya shule yenye tarehe na kiasi ndiyo watakayokudai ofisini. Peleka ombi kabla hujalipa, na ubaki na nakala.