Ping Inajibu, Ripoti Haishuki

Anayeanza kazi ya mitandao hufundishwa mapema kupiga ping, yaani kutuma pakiti (kifurushi kidogo cha data) kwa kompyuta nyingine ili ijibu, na jibu linaporudi huamini kwamba njia ni nzima. Nami niliamini hivyo hadi nilipokabidhiwa tatizo la tawi moja lililounganishwa na makao makuu kwa VPN (njia ya faragha inayopita ndani ya mtandao mwingine), ambako ping ilijibu bila kupoteza hata pakiti moja na ukurasa wa kuingilia ulifunguka, lakini kila aliyejaribu kupakua ripoti aliishia kuitazama skrini iliyoganda. Nilibadilisha kebo, nikazima na kuwasha ruta, nikailaumu DNS, inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani (nayo mara nyingi hulaumiwa kwa haki), na siku mbili zikapita bure.

Dalili niliyoipuuza ilikuwa mbele ya macho yangu. Nilipoingia kwenye seva kwa SSH, yaani kuiendesha kwa amri kutoka mbali, amri zenye majibu mafupi zilifanya kazi, ila nilipoorodhesha saraka yenye faili nyingi, majibu yalikatika. Kilichokwama kilitofautiana na kilichopita kwa ukubwa wa pakiti tu.

Pakiti kwenye Etheneti huwa na hadi baiti 1500, lakini VPN huongeza vichwa vyake (maelezo yanayotangulia data) na kupunguza nafasi hiyo. Pakiti iliyozidi kipimo na isiyoruhusiwa kugawanywa hutupwa, na ruta iliyoitupa hupaswa kumjulisha mtumaji kwa ujumbe wa ICMP (itifaki ya taarifa za mtandao, ambayo ping pia huitumia) ili atume ndogo zaidi. Kwetu, mtu aliyedhani anaimarisha usalama alikuwa ameruhusu ping na kuzuia ICMP nyingine zote, hivyo taarifa haikumfikia mtumaji, naye akaendelea kurudia pakiti zilezile.

Ping ya kawaida hubeba baiti 32 kwenye Windows na 56 kwenye Linux, kwa hiyo haikuwa na namna ya kuligundua tatizo hili. Jaribuni ping kubwa isiyoruhusiwa kugawanywa: `ping -f -l 1472` kwenye Windows, au `ping -M do -s 1472` kwenye Linux. Vichwa vya IP na ICMP huchukua baiti 28 zinazokamilisha 1500. Isipopita, punguzeni hadi ipite. Yetu ilipita kwenye 1372, yaani MTU (ukubwa wa juu wa pakiti nzima) ya 1400, nasi tukaishusha MSS (kiasi cha juu cha data ndani ya pakiti ya TCP, bila vichwa) hadi 1360. Ripoti zilishuka papo hapo, lakini MSS huihusu TCP pekee, si itifaki nyingine za kusafirisha data, kwa hiyo sikufunga faili la tatizo hilo mpaka ujumbe ule wa ICMP uliporuhusiwa kupita.