Mkaja wa Bahasha Uliupokea, wa Tumboni Unakuchoma?

"Shangazi, mimi ni mama wa miaka 27, naishi Makorora hapa Tanga, nafanya kazi ofisini. Wiki tatu zilizopita nilijifungua mtoto wa kwanza, wa kiume, kwa njia ya kawaida. Siku ya pili mama mkwe akashuka kwenye gari la Pangani na sufuria zake na majani yake, na mpaka leo hajaondoka. Asubuhi na jioni ananikanda kwa maji ya moto, ananifunga mkaja tumboni, ananinywesha uji wa pilipili manga. Kutoka nje marufuku, hata barazani. Shoga zangu wa kazini walipokuja aliwaketisha sebuleni, akawaambia mzazi haonwi na kila mtu. Nilifedheheka. Usiku anamchukua mtoto analala naye kwenye mkeka, najua anataka amzoee yeye kuliko mimi. Mtoto kapakwa wanja mpaka anatisha, na juzi nilimkuta anataka kumnywesha maji. Nguo niliyomnunulia ya kupigia picha imelala kabatini. Mume nikimwambia anajibu, 'Muache mama.' Mama yangu yuko Dodoma kwenye biashara zake, ametuma pesa. Huu ni wakati wa kisasa, Shangazi, na likizo yangu inaishia gerezani. Nimwambieje aondoke bila kuvunja ndoa yangu?"
Mfungwa wa Arobaini

Pole mwanangu, na hongera ya mtoto. Uzazi wa kwanza unachosha, na mtu kulia bila kujua analilia nini katika wiki hizo si ukorofi. Pole imetosha. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilijikuta nimekaa upande wa mavyaa wako, huyo mama mkwe.

Wewe umeandika mashtaka. Mimi nimeona mwanamke mtu mzima aliyefunga mlango wa nyumba yake Pangani, akapanda gari na masufuria mapajani. Wiki tatu anachemsha maji kutwa mara mbili, anakoroga uji, anakesha na mjukuu ili wewe upate usingizi, kisha anajilaza chini. Ati anataka mtoto amzoee yeye! Mtoto wa wiki tatu anamjua mwenye ziwa. Anayetaka kukuibia mwana asingekuwa anakuletea kila akilia njaa.

Mama yako katuma pesa. Simsemi, biashara ina mambo yake. Lakini pwani hii yetu mimba ya kwanza mwana huenda kuzalia kwa mamaye, na kazi ya kukukanda ilikuwa yake. Mwenzie kaibeba bila kuombwa, na malipo yake ni kuandikiwa barua kwa Shangazi.

Hebu turudi nyuma kidogo. Ulipoposwa, wazee walikaa kwenye jamvi, mahari yakatajwa, kikatajwa kilemba cha baba, ukatajwa mkaja wa mama, na pengine ubeleko. Sidhani kama kuna mtu kwenu aliyenyanyua mkono akasema, "Bahasha ya mkaja rudini nayo, sisi watu wa kisasa." Sasa mkaja ni nini, mwanangu? Ni hicho hicho kitambaa kinachokuudhi. Mama yako alipewa zile pesa kwa sababu siku alipokuzaa wewe kuna mtu alimfunga tumbo. Na ubeleko ni ile nguo aliyokubebea mgongoni. Mumeo alikuwa anashukuru kwa tumbo lililolegea kwa ajili ya mkewe. Basi mkaja ukija ndani ya bahasha ni heshima, ukija mikononi mwa mkwe anayetoka jasho ni gereza?

Na huo ukisasa unaonitajia, hata hao wa kisasa wanahesabu. Ukienda kliniki watakwambia mwili wa mzazi unaangaliwa mpaka wiki sita, yaani siku 42. Bibi zetu walisema 40. Likizo nayo, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakupa siku 84 zenye mshahara, na ungezaa mapacha zingekuwa 100. Kama ulianza kuzihesabu siku ulipojifungua, ukitoa arobaini zinakubakia 44. Piga picha mpaka simu ijae. Mumeo sheria hiyo hiyo inampa siku 3 tu, kwa hiyo hata angekuwa na moyo wa kukukanda yeye, saa hizi yuko kazini. Nani angekuchemshia maji?

Jibu nalijua, maana naliona kila siku. Wanandoa wa sasa wamejipangia vyumba viwili na sebule, wakajiambia ndoa ni ya watu wawili. Mtoto akishtuka usiku wanamuuliza mtu wa kwenye simu. Mama mkwe akigonga hodi anaonekana mpelelezi. Lakini subiri arobaini yenyewe ifike! Ukumbi unakodiwa, sare inashonwa, keki, mpiga picha, kadi za michango zinazungushwa kama za harusi, na mzazi kavaa viatu virefu huku mgongo unamlilia. Arobaini ilikuwa kupumzika kwa mzazi, tumeifanya mnuso. Mimi nilipopata wangu wa pili nilijitia ujasiri nikarudi kwenye meza yangu ya biashara Ngamiani kabla ya wiki ya tatu, na hakuna aliyenikataza. Kiuno hiki kinaponiuma hadi leo namkumbuka mavyaa wangu, niliyemwambia asisumbuke kuja.

Tena nakuambia kinachokuumiza hasa ni wale shoga wa ofisini. Ungeniandikia uchungu wa mkaja peke yake ningekuamini. Umeandika "nilifedheheka". Unaona haya wenzio wamemkuta mzee wa shamba ana majani mkononi. Umri wako si wa haya hizo.

Mavyaa wako naye ana makosa mawili, na hapo sitamtetea. Maji mtoto asipewe. Miezi 6 ya mwanzo ni ziwa tu, hata tone la vuguvugu hapana. Wanja nao usiende machoni, wanja mwingine una madini ya risasi na hayo ni sumu kwa mtoto. Akishikilia kuogopa kijicho, nukta moja unyayoni inamtosha. Mwambie wewe mwenyewe, kwa adabu, mkiwa wawili: "Mama, kliniki wamesema hivi." Usimtume mumeo, mwana wa kiume akitumwa maneno ya jikoni huyafikisha yamevunjika. Na siku ya kliniki mchukueni mwende naye, amsikie nesi kwa masikio yake.

Maji ya kukandwa yawe ya kustahimilika, yasikubabue. Mkaja ukikubana pumzi sema, ulegezwe. Ungekuwa umepasuliwa ningekwambia mengine kabisa, kidonda hakikandwi wala hakibanwi. Ukiona damu inazidi badala ya kupungua, au homa, au harufu mbaya, usingoje mzee amalize kuchemsha majani, chukua bajaji mpaka hospitali ya Bombo. Barazani pia umwombe ukae jioni kidogo upate upepo, hakuna mkwe wa Pangani atakayekunyima upepo ukimwomba kwa jina la mama. Shoga zako waambie waje baada ya alasiri, wakae hapo hapo sebuleni, na uji wa pilipili manga waonjeshwe. Nakuhakikishia mmoja wao atauliza unavyopikwa.

Kuondoka ataondoka mwenyewe siku ya arobaini, ana nyumba yake na kuku wake. Siku hiyo mpe doti ya kanga na nauli, tena mkabidhi wewe kwa mkono wako.

Kabla ya hapo kuna jambo umeliandika bila kulisikia. Wiki tatu, mama wa mumeo, kwenye mkeka. Mkamwonyeshe mumeo mstari huu na yeye aone haya, aliyejua kusema "muache mama" asijue kumtandikia. Godoro linunuliwe leo.