Usimwambie Mteja "Harufu Itaisha Yenyewe" Kabla Hujalala Chini ya Gari

Juzi nimemsikia tena dogo mmoja hapa gereji, simu kaibana begani, mkononi kachori, anamjibu mteja: "Hiyo kawaida bosi. Ni oili ilimwagikia ekzosi, ikiungua harufu itaisha yenyewe." Gari limemwagwa oili ya zamani na kuwekewa mpya asubuhi, mchana linanuka. Dogo hajauliza liko wapi, hajauliza taa ya oili, hajauliza kama pale lilipoegeshwa chini kumelowa. Nikamnyang'anya simu. Gari likawa zima kweli, na dogo akanitazama kwa jicho la "si nilikuambia". Jicho hilo ndilo limenifanya niandike.

Tatizo ni kwamba sentensi ile mara nyingi huwa kweli. Chukua Subaru ya injini aina ya EJ: filta ya oili iko kwa chini, katikati ya mabomba ya ekzosi. Ukiifungua lazima imwage kidogo, gari likipata moto ile iliyomwagika itafuka moshi, kisha itakwisha. Ukishaisema ikawa kweli mara kumi, mdomo unazoea kuitoa kabla hujafikiri. Sasa wadogo zangu, sikilizeni, na wewe wa kachori weka chini kwanza.

1. Filta uliyoifungua igeuze, uitazame mdomo, kabla hujaitupa.

Mpira wake upo? Endelea. Haupo? Basi umebaki kwenye bloku, yaani mwili wa injini pale filta inapofungwa. Mpira uliopikwa na joto muda mrefu unakuwa bapa, mweusi, unang'aa, umelala pale kwenye uso wa bloku kana kwamba ulitoka nao kiwandani. Kwa macho huuoni, hasa ukiwa chali na tochi ya simu mdomoni. Pitisha kidole, kikigusa kitu kinachobonyea, ng'oa. Ukifunga filta mpya juu yake, mipira miwili inakaliana, na gari likiwa kwenye sailensi, yaani linaunguruma bila kukanyagwa mafuta, linaweza lisidondoshe hata tone. Likipanda mzunguko, presha ya oili inausukuma mmoja nje.

Nayajua haya kwa sababu nimeua injini kwa namna hiyo.

Nilikuwa nimeshaanza kuaminiwa, naachiwa gari zima peke yangu. Impreza ya mwalimu mmoja, mama mtu mzima, anawahi msiba Morogoro. Nikamwaga, nikafunga, nikapangusa kwa tambara chafu, yaani niliisambaza tu. Nikawasha, nikachungulia, nikaona kimya, nikamkabidhi ufunguo. Akiwa kwenye foleni ya Kimara akapiga: "Mwanangu, gari linanuka oili." Nikamjibu ile sentensi. Alipopita Kibaha akapiga tena. Harufu imezidi, na akisimama anaona moshi unatoka pembeni ya boneti.

Hapo nilikuwa na nafasi ya kusema, "Mama, simama uzime." Sikusema. Nilikuwa na gari lingine juu ya jeki, na kumwambia asimame maana yake nilikuwa nakiri kwamba sina hakika na nilichofunga. Kwa hiyo nikamwambia, tena kwa sauti ya fundi mkubwa, kwamba Subaru ndivyo zilivyo, na aongeze mwendo kidogo ili upepo uipoze injini. Aongeze mwendo! Mpira unatafuta sababu ya kutoka, mimi nauletea presha.

Ulitoka kabla ya Chalinze. Oili lita nne na ushee, pampu inazimwaga barabarani kwa dakika chache tu. Taa nyekundu ikawaka, naye kama watu wengi akadhani gari linadai oili ya kuongezea, akajikongoja nalo hadi kituo cha mafuta akanunue. Taa ile haipimi wingi wa oili, inapima presha. Ikiwaka gari likiwa kwenye mwendo, kranki, mhimili mkuu unaozunguka ndani ya injini, na beringi zake zinasagana kavu. Alipofika kituoni injini ilikuwa imeshanoki, yaani imekufa.

Gari likarudi kwa bredauni, na mimi nikaongeza uongo juu ya uzembe: nikamwambia bosi huenda jiwe limepiga filta. Bosi hakunijibu. Akaingia chini, akaifungua kwa mkono, akatoka na mipira miwili kiganjani, mmoja mpya, mwingine bapa umechanika upande. Akanipa niishike. Kisha akamwita yule mama akamweleza yote mbele yangu, neno kwa neno. Mama hakupiga kelele. Alisema tu, "Lakini mwanangu, si nilikupigia?"

Injini ya mtumba ikanunuliwa, nikakatwa posho mpaka nikasahau posho kamili inafananaje. Msibani mama hakufika.

2. Safisha mpaka pakauke.

Watu wanadhani kupangusa ni usafi wa kumfurahisha mteja. Oili uliyoimwaga ukiiacha, ile inayovuja inapata pa kujificha, na wewe unapata kisingizio. Ukishasafisha, harufu ikitokea huna cha kusema zaidi ya kurudi chini. Tumia breki klina au maji ya sabuni, ekzosi ikiwa imepoa. Petroli kwenye ekzosi ya moto tafadhali acheni. Nyusi za watu zimeshaondoka hapa hapa gereji. Na lile kava la chini ya injini mlilolifungua kwa kulalamika, lipanguseni kabla ya kulirudisha, kwa sababu linashika oili kama sinia na kuidondosha kwenye ekzosi wiki nzima. Matambara yahesabu. Tambara lenye oili likisahaulika juu ya manifodi, bomba la ekzosi linaloanzia kwenye injini, hakuna atakayejadili harufu tena, mtajadili moto.

3. Washa, subiri taa ya oili izime, pandisha injini hadi mizunguko 2,500 kwa dakika uishikilie kidogo, zima, ingia chini na tishu nyeupe.

Zungusha tishu kwenye filta na kwenye plagi ya sampu, ile bolti ya kumwagia oili kwenye bakuli la chini ya injini. Tishu haina adabu ya kukuficha.

4. Mpira wa filta mpya upake oili kwa kidole, na ukishagusa bloku ongeza robo tatu ya mzunguko kwa mkono.

Rinchi ya filta ni ya kufungulia. Wanaofungia kwa rinchi ndio wanaotuachia filta za kutoboa kwa bisibisi.

5. Wosha ya plagi, yaani kile kipete cha kuziba, ni mpya kila safari.

Bei yake ni ndogo kuliko kachori. Na usiongeze bomba kwenye spana ili ukaze zaidi. Sampu ya Honda Fit ni aluminiamu. Nyuzi zake zikishalika utaanza kuzungusha tepu ya fundi bomba na kupaka silikoni, kazi ya aibu ambayo nikiiona nafungua yote upya mbele ya mteja wako.

6. Premio na Allion za injini ya 2ZR hazina filta ya kopo, zina karatasi ndani ya kofia.

Oringi, mpira wa duara wa kuziba, inabadilishwa, inapakwa oili, inakaa kwenye mfereji wake na si mwingine. Kofia inafungwa kwa 25 N·m. Kama toki rinchi, spana inayopima nguvu ya kukaza, imeazimwa na jirani, nenda kaidai.

7. Galoni si kipimo.

IST ya injini ya 1NZ inakula lita 3.7 pamoja na filta, nyie mnamimina lita nne kwa sababu galoni ni la lita nne na mteja ameshalilipia. Inayobaki mrudishie mteja, ni yake. Ikizidi sana kranki inaipiga mpaka inatoa povu, injini inaivuta kwenye njia yake ya kupumulia na kuiunguza, mnaanza kuwaza ringi za pistoni zimekwisha.

Aliyevunja rekodi ya kuzidisha oili ni kijana mmoja, sasa hivi ana gereji yake na wateja wanamsifu, kwa hiyo simtaji. Alilala chini ya Honda akakuta plagi mbili. Moja ina kichwa cha spana, nyingine ina tundu la mraba. Akachagua ya mraba, ambayo ni ya gia boksi. Akamwaga hydroliki, yaani oili ya gia boksi, yote, tena akaisifia kwamba "oili ya huyu bado safi kabisa," kisha akamimina oili mpya kwenye injini juu ya ile ya zamani. Gari halikwenda mbele wala nyuma, lilikaa pale pale linafuka moshi wa bluu hadi duka la jirani likafunga mlango. Yeye akawa anatafuta kosa kwenye plagi za moto.

8. Si kila harufu ni yako, ila uithibitishe kabla ya kazi, si baada yake.

Kabla ya 2019, mifuko ya rambo haijapigwa marufuku, tulikuwa tunakwangua nailoni kwenye ekzosi za watu walioapa kwamba tumewaharibia injini. Harufu ya tamutamu ni kulanti, maji ya kupozea injini. Na hizo Subaru zenu za zamani gasketi za tapeti kava, vifuniko vya vichwa vya injini, zinavuja polepole juu ya ekzosi hata kabla hazijafika kwako. Mwite mteja, muonyeshe kwa tochi, piga picha, ndipo ufungue filta. Ukimwonyesha baada ya kumaliza, hata kama unasema kweli, unaonekana mwizi.

9. Mteja akipiga simu gari linanuka.

Muulize: taa ya oili imewaka? Kuna moshi? Ukisimama kidogo, chini kunadondoka? Jibu moja likiwa ndiyo, au likiwa "sijui fundi", mwambie azime hapo hapo, umfuate na tochi, tishu na galoni la oili. Nauli ya bodaboda unalipa wewe.