Barua kwa mwanangu aliyeombwa kuwafundisha wachumba

Mwanangu mpendwa,

Salamu kutoka Masasi. Unasema padre wa hapo Nachingwea anakutaka uwasimamie vijana wa kwaya na kuwafundisha wachumba, nawe unaniuliza: "Baba, mtu ambaye macho yake na simu yake bado vinamsumbua, anaweza kuwafundisha wengine usafi?"

Anayesumbuliwa anaweza. Anayeficha hawezi. Majaribu hayamwachi mtu, hata aliyevaa kanzu. Ila mwenye maisha mawili, ya kanisani na ya gizani, asisimame mbele ya vijana mpaka hayo ya gizani ameyatoa nje.

Watu wakisoma habari za Daudi huanzia pale Bathsheba anapooga. Wewe anza na mstari wa kwanza wa sura ile ya 11, Samweli wa Pili: ulikuwa wakati wa wafalme kwenda vitani, yeye akabaki Yerusalemu. Kisha angalia alivyompata yule mama. Alituma watu wakamchukua. Mke wa askari angemkatalia vipi mfalme? Hapo nakuomba ukae sana, maana tukisema usafi tunawaza tamaa tu, mamlaka tunayasahau. Binti wa kwaya wa miaka 17 akikujibu "ndiyo, mwalimu", analiitikia kanisa zima. Sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998 iliwataja viongozi wa dini waziwazi, pamoja na waganga wa kienyeji, miongoni mwa wanaoweza kutumia nafasi zao kubaka. Kanisani jambo hilo bado tunalinong'ona, na inaniuma.

Huku kwetu tungepaswa kulijua zaidi ya wengine. Vincent Lucas, askofu wa kwanza wa Masasi kuanzia 1926, hakulipiga marufuku jando. Alilifanyia ibada, likawa la Kikristo. Kwa hiyo kufundisha habari za mwili ni kazi ya kanisa tangu enzi za babu zako. Na kila aliyepita jandoni anajua: mtoto hamhoji anayemfundisha. Anameza anachopewa.

Sifa nazo hazimlindi mtu. Ravi Zacharias, mhubiri mzaliwa wa India, alifariki Mei 2020 akisifiwa dunia nzima. Februari 2021 huduma yake mwenyewe ilitoa ripoti ya uchunguzi iliyothibitisha kwamba aliwanyanyasa kingono wanawake waliokuwa wakimfanyia masaji. Malalamiko ya mwanamke mwingine yalikuwa yamejulikana hadharani tangu 2017, lakini waliomzunguka Zacharias wakamwamini yeye, si mwanamke huyo.

Ndiyo maana kujichunguza peke yako hakutoshi; moyo humtetea mwenye nao. Shika simu yako, mkeo akiwa pembeni. Kuna namba umeihifadhi "Fundi Bomba" na mwenyewe si fundi? Kuna binti unayemwandikia "umelala?" saa tano usiku, halafu unafuta? Nauli unayomtumia mwimbaji mmoja, mbona wenzake hawaipati? Na hizo video unazifungua lini: ukiwa umechoka, umegombana na mkeo, au msimu wa korosho, pesa ipo mfukoni na uko ugenini mnadani? Mambo haya yana saa zake. Zijue, uandike, usizunguke.

Kisha umpate mtu wa kukuuliza. Maungamo kwa padre yapo, yatumie. Lakini anayekupa kazi si lazima awe yeye wa kukukagua kila mwezi. Tafuta mzee asiyekuogopa wala kukuhitaji kwa lolote, umpe ruhusa akuulize akitaja kitu chenyewe: simu, jina la binti, saa. Swali la "unaendeleaje kiroho?" hata mzinzi hulijibu vizuri.

Wachumba uwafundishe pamoja na mkeo, vijana wasikie na sauti ya mwanamke. Kwa kwaya, mwombe padre akupe mama mmoja msimamie wawili, na mazoezi yaishe kabla ya giza ili pasiwe na binti wa kubebwa kwenye pikipiki yako. Padre akiona masharti haya ni usumbufu, usiikubali kazi hiyo kwa sasa.

Mkeo umweleze habari za simu kabla hujampa padre jibu. Asizisikie kwa mtu mwingine. Mkimaliza kuzungumza, nipigie, hata kama ni usiku.

Mama yako anawasalimu, wajukuu tunawaombea.

Ni mimi baba yako.